Kerneli yangu iko sawa kwa mashine ya GB 2, ya GB 4 inachora rangi skrini kisha inaganda. Shida ni RAM au ni hesabu?

#1 fremu_njoro
Salamu wadau. Niko mwaka wa mwisho chuoni pande za Njoro, na mradi wangu ni kerneli ndogo (kiini cha mfumo wa uendeshaji) ya biti 32 kwa lugha ya C. GRUB, programu inayoiwasha kerneli, inanipa ramani ya kumbukumbu, naipitia mstari kwa mstari, nafungua kurasa (vipande vya baiti 4096) zote zilizo huru, halafu mwisho kabisa nafunga zile ambazo kerneli yenyewe imekalia kuanzia MB 1.

Kwa QEMU, ile kompyuta ya kuigiza, inakimbia. Kwa mashine ya maabara yenye GB 2 inakimbia. Kwa ile ya GB 4 inaamka vizuri, lakini nikifungua programu kadhaa skrini inajaa herufi za ajabu zenye rangi, kisha kimya. Jamaa mmoja wa maabara anasema RAM ni mbovu. Kipande chenyewe:

```
for (i = 0; i < n; i++) {
    uint32_t mwanzo = (uint32_t) ramani[i].addr;
    uint32_t mwisho = mwanzo + (uint32_t) ramani[i].len;
    if (ramani[i].type == 1)
        for (a = mwanzo; a < mwisho; a += 4096)
            fungua(a);
}
```

Mnaona nini?

#2 Fundi_Kondele
Naona RAM. Chomoa vijiti, sugua meno yake na raba ya penseli, rudisha kimoja kimoja. Ikiamka vizuri na kijiti kimoja, umepata mwizi. Hapa Kondele mashine ikija inachora rangi, mimi hata sifungui kodi ya mtu.

#3 dada_biti
Fundi, pole pole. Tazama mstari wa 2. Anwani ambayo GRUB inampa ni ya biti 64. Yeye anaikata nusu ya juu na kubaki na biti 32.

Kwa mashine ya GB 2 hakuna hasara, kwa sababu nusu ya juu ni sifuri tupu. Mashine ya GB 4 ni hadithi nyingine. Sehemu ya juu ya GB 4 za kwanza huchukuliwa na kadi na vifaa vya PCI, kwa hivyo RAM iliyofunikwa pale huhamishwa kwenda juu ya mpaka wa GB 4. Ramani itakuwa na mstari unaosema: RAM huru, kuanzia 0x100000000 (kwa heksa, yaani GB 4 kamili). Ikate hiyo kwa biti 32 uone unabaki na nini.

Unabaki na 0. Kerneli yako inasoma "kuanzia sifuri, yote ni huru, gawa."

#4 mwl_Bungoma
Dada ameuona mmoja, mwingine uko mstari wa 3. mwanzo + len inaweza kuvuka 4,294,967,295 na kuanza tena sifuri. Wanunuzi wa mahindi huku kwetu wana mizani ya kutundika, ile ya mshale, mwisho wake kilo 100. Tundika gunia la kilo 103, mshale unapita sifuri na kusimama kwenye 3. Mnunuzi anakulipa ya kilo tatu na mizani haijadanganya.

Ramani ya QEMU yenyewe huwa na mstari unaoanza 0xFFFC0000 wenye urefu wa 0x40000. Jumlisha: 0x100000000, yaani sifuri kwa biti 32. Mwisho unakuwa mdogo kuliko mwanzo, na kitanzi hakizunguki hata mara moja.

#5 Omena_Fresh
Mwalimu, nani huyo mnunuzi wa kulipa kilo tatu, nimletee omena.

#6 dada_biti
@mwl_Bungoma hesabu ni sawa, lakini mstari huo wa QEMU ni wa BIOS (programu ya kuamshia mashine), haujaandikwa type 1, yaani RAM huru. Kodi yake inauruka. Haufunguliwi, hauumizi mtu. Kosa lipo, ila silo linalochora rangi.

#7 fremu_njoro
Asanteni. Lakini dada, hapo kwa sifuri nina swali. Nimesema kerneli naifunga mwisho, baada ya ramani. Hata kama mstari wa juu umeshuka hadi sifuri, kurasa za kerneli zimefungwa tena. Basi nani anakufa?

#8 dada_biti
Swali zuri. Mgawaji wako wa kurasa anatafuta kutoka wapi, chini au juu?

#9 fremu_njoro
Chini kabisa, kila mara. Ukurasa wa kwanza huru ndio anatoa.

#10 dada_biti
Basi hiyo ndiyo picha yote. Gawanya MB 1 ya kwanza kwa kurasa za 4096: unapata fremu 0 hadi 255. Fremu 0 hadi karibu 159 ni RAM ya kweli, ndiyo maana inaamka vizuri na programu za mwanzo zinakubali. Kuanzia fremu 160, yaani 0xA0000, si RAM tena. Hapo ni kumbukumbu ya video, na juu yake ROM. Kwa mashine ya GB 2 ramani haizitaji kuwa huru, kwa hivyo mgawaji anaruka hadi juu ya kerneli. Kwa mashine ya GB 4 ule mstari ulioshuka hadi sifuri umezifungua zote.

Sasa hesabu: 0xB8000 ni skrini ya maandishi. Hiyo ni fremu ya 184. Programu ikipewa fremu ya 184 na kuandika data yake, wewe unaiona kama herufi zenye rangi. Ukiendelea hadi fremu ya 240 uko kwenye 0xF0000, ROM ya BIOS. Ukiweka jedwali la kurasa pale, prosesa inaandika, ROM inapuuza, na ukisoma unapata kilichokuwapo tangu kiwandani. Kuganda ni lazima.

#11 Fundi_Kondele
Maelezo matamu, lakini memtest86+ ni bure na inatosha usiku mmoja. Nimeona watu wakiandika upya programu nzima na kumbe kijiti kimelegea.

#12 JabaliMenengai
Nakuru iko ndani. Mambo haya yote ni kwa sababu ya C. Andika kwa Rust. Namba ikifurika, yaani ikivuka nafasi yake, programu inasimama papo hapo na kukuambia mstari gani.

#13 msomaji_tu
Nilijua tu #12 lazima angekuja.

#14 dada_biti
@JabaliMenengai inasimama ukijenga kwa hali ya majaribio. Ukijenga toleo la kutoa, bila kuomba ukaguzi, inazunguka kimya vilevile. Na zaidi ya hapo: kosa la #1 si kujumlisha, ni kukata. Kwa Rust ukiandika `addr as u32`, biti za juu zinatupwa bila neno, hali yoyote ile. Ungehitaji `u32::try_from` ndipo ikatae. Aliyezoea kuandika `as` angeanguka shimo hilohilo.

#15 JabaliMenengai
Nakubali hiyo ya `as`. Lakini angalau kuna `checked_mul` na `checked_add` mkononi, na Linux tangu 6.1 imeanza kuipokea Rust. Si bure.

#16 mzee_wa_Milimani
Vijana, msidhani haya ni ya kerneli za wanafunzi. Mwaka 2003 nilikuwa naendesha saiba hapa Kisumu, seva yangu ni Debian, aina ya Linux. Mwezi wa Novemba tukasikia mashine za mradi wenyewe wa Debian zimevunjwa. Mtu aliiba nywila, akaingia kama mtumiaji wa kawaida, kisha akajipandisha hadi root, mwenye mamlaka yote. Njia yake ilikuwa do_brk, sehemu ya kerneli ya Linux inayopanua kumbukumbu ya programu. Ilichukua anwani na urefu bila kuuliza kama jumla yake imevuka mpaka. Programu ya kawaida ikaweza kujimegea eneo la kerneli. Dawa iliyokuja kwa 2.4.23 ni mstari mmoja unaouliza mambo mawili: je, addr + len imepita eneo la programu, na je, addr + len ni ndogo kuliko addr?

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba Andrew Morton, mmoja wa watunzaji wa kerneli ya Linux, alikuwa ameliona kosa tangu Septemba. Lilirekebishwa kama kosa la kawaida, na toleo la 2.4.22 lilikuwa limeshatoka.

#17 Omena_Fresh
Na Dirty COW, lile tobo la Linux la 2016, si ndiyo hiyohiyo? Na ile roketi ya Wazungu iliyolipuka?

#18 mzee_wa_Milimani
Dirty COW hapana. Ile ni nyuzi mbili za programu kukimbizana juu ya ukurasa mmoja, namba haikufurika popote. Roketi ni Ariane 5, tarehe 4 Juni 1996, na ile inafanana na ya kijana wetu kuliko unavyofikiri: namba ya biti 64 yenye desimali ilisukumwa ndani ya biti 16. Haikuenea.

#19 mwl_Bungoma
Turudi kwenye kujikinga, maana hapo ndipo watu hukosana. Tuseme fremu_njoro amemaliza ramani na sasa anaandika malloc yake, kazi ya kuzigawia programu kumbukumbu. Programu inaomba vitu 1,073,741,825 vya baiti 4 kila kimoja. Zidisha: 4,294,967,300. Kwa biti 32 inabaki 4. Malloc anaona ombi la baiti 4, anatoa baiti 4 kwa moyo mweupe. Programu inaanza kujaza vitu bilioni moja.

Malloc hana kosa hapo. Namba ilikuwa imeshaharibika kabla ya kumfikia. Kwa hivyo anayezidisha ndiye akague, na akague kabla ya kuzidisha (SIZE_MAX ni ukubwa wa mwisho ambao mashine inaweza kuuandika):

```
if (n != 0 && ukubwa > SIZE_MAX / n)
    return NULL;
```

OpenSSH, programu ya kuingia seva kwa mbali, mwaka 2002 iliumwa na kuzidisha kwa namna hii: idadi ya majibu ilitoka kwa mtu wa upande wa pili wa mtandao.

#20 JabaliMenengai
Kwa nini kila mtu aandike mstari huo? calloc anapokea namba mbili zikiwa mbalimbali, azidishe yeye.

#21 mwl_Bungoma
Ndiyo, na mwaka huohuo wa 2002 ikagunduliwa calloc za maktaba kadhaa zilikuwa zinazidisha bila kukagua! OpenBSD wakaleta reallocarray, yenye ukaguzi huo ndani, mwaka 2014, glibc (maktaba ya C ya Linux) ikaichukua 2017. Napenda ujanja wake: kugawanya ni ghali, kwa hivyo kama namba zote mbili ziko chini ya 65,536 kwa mashine ya biti 32, hazigawanywi kabisa, maana haziwezi kufurika.

#22 dada_biti
Linux wana njia nyingine, tangu 4.18 ya mwaka 2018: array_size na struct_size. Hesabu ikifurika haizunguki, inaganda kwenye SIZE_MAX. Unaipeleka hivyo kwa mgawaji, naye hana RAM ya kiasi hicho, anakataa. Anayeita haandiki `if` yoyote.

#23 mzee_wa_Milimani
Na mgawaji akiwa wa kijana wetu? Kitu cha kwanza anachofanya kila mgawaji ni kupandisha ombi lifike ukurasa mzima: (len + 4095) & ~4095. Mpe SIZE_MAX. 4,294,967,295 ukijumlisha 4095 inazunguka na kuwa 4094, kisha kinyago kinafuta biti za chini, inabaki sifuri. Ile namba kubwa kuliko zote uliyoitegemea ikataliwe imegeuka kuwa ombi la baiti sifuri, na mgawaji mzembe atarudisha pointa halali.

Ndiyo maana kwa do_mmap ya Linux, inayoipa programu eneo la kumbukumbu, utakuta mara tu baada ya kupandisha kuna swali: kama len imekuwa sifuri, rudisha ENOMEM, kosa la kumbukumbu kutotosha. Na mistari michache chini yake wanauliza kama pgoff (ukurasa wa kuanzia ndani ya faili) ukiiongeza kurasa imekuwa ndogo kuliko pgoff. Ukaguzi uko pande zote mbili. Mimi lakini naona yote haya ni kuziba matobo. Weka kikomo. Hakuna programu halali kwa kerneli ya mradi inayohitaji GB 1 kwa mkupuo. Kataa mlangoni.

#24 dada_biti
Mzee, kikomo juu ya jibu hakisaidii. Baiti 4 za mwalimu ziko chini ya kikomo chochote utakachotaja. Kikomo kiwe juu ya n peke yake na ukubwa peke yake, kabla hazijakutana.

#25 mzee_wa_Milimani
Hapo umesema, ingawa kikomo bado ni kikomo.

#26 msomaji_tu
Kwani nani bado anatumia biti 32? Hamia biti 64, namba hizo hazijazi hata mtu aombe mwaka mzima. Uzi ufungwe.

#27 mzee_wa_Milimani
Uzi haufungwi. Julai 2021 kampuni ya usalama ya Qualys ilitangaza tobo la Sequoia, kwenye kerneli za biti 64 kabisa. Ukubwa wa bafa ulikuwa size_t ya biti 64, ukapitishwa kwa kazi inayoupokea kama int ya biti 32. Ukitengeneza folda ndani ya folda hadi njia ivuke GB 1, bafa inaongezwa hadi GB 2, namba inageuka hasi, na maneno "//deleted" yanaandikwa nyuma ya bafa, zaidi ya GB 2 nyuma. Mtumiaji wa kawaida anakuwa root. Dawa yao? Kikomo. @dada_biti natabasamu.

Na 2019 ikaonekana kwamba kaunta ya watumiaji wa ukurasa mmoja, ambayo ni biti 32 hata kwa mashine ya biti 64, inaweza kujazwa ukiwa na RAM ya kama GB 140. Mashine zilikua, kaunta ikabaki pale ilipokuwa.

#28 Omena_Fresh
GB 140! Mimi nina simu ya GB 2 na picha za harusi ya binamu zimeijaza.

#29 fremu_njoro
Nimerudi. Nimefuata dada_biti, nikawasha QEMU kwa `-m 4096` (RAM ya GB 4), na herufi za rangi zimetokea palepale. Kwa hivyo Fundi, raba iweke mfukoni kidogo. Nataka kurekebisha hivi: badala ya mwisho, nitumie ukurasa wa mwisho, na kitanzi kiwe `a <= mwisho`. Hapo jumla haitafika 0x100000000, itaishia 0xFFFFFFFF.

#30 mwl_Bungoma
Usiguse! Siku utakayotumia kitanzi hicho kufunga mstari ule wa BIOS, a itafika 0xFFFFF000, utaongeza 4096, itarudi 0. Sifuri ni ndogo kuliko 0xFFFFFFFF. Inaanza upya milele. Hesabu kurasa badala ya anwani: `k = len >> 12`, kisha zunguka mara k. Na uache biti 64 zibaki biti 64 hadi umalize: mstari unaoanza GB 4 au juu yake utupe, unaovuka mpaka ukate hapo mpakani. Ndipo ubadilishe iwe uint32_t.

#31 JabaliMenengai
Na uwashe -Wconversion kwenye gcc ikuonye ukikata namba.

#32 dada_biti
Kwake isingeonya. Ameandika (uint32_t) kwa mkono wake, kampaila inachukulia ndivyo alivyotaka.

Jingine, fremu: usikague kwa `if (a + b < a)` kama a na b ni int. Int ikifurika C haikuahidi chochote, kwa hivyo kwa -O2 (ukiiomba iboreshe kasi) gcc inaruhusiwa kusema hilo haliwezekani na kuupunguza ukaguzi wako au kuufuta. Kwa uint32_t sawa, ile inazunguka kwa sheria. Tahadhari ya uint16_t: ukizidisha mbili zinapandishwa kuwa int kwanza. 65,535 mara 65,535 inavuka int na uko kulekule.

#33 Fundi_Kondele
Linux yenyewe si inafanya `addr + len < addr`? Mzee amesema #16.

#34 dada_biti
Zile ni unsigned long, namba zisizo na hasi. Na juu ya hapo wanajenga kerneli kwa -fno-strict-overflow, inayoizuia gcc kufuta ukaguzi wa namna hiyo. Lakini Fundi, umesoma uzi wote! Karibu kwenye kodi.

#35 mzee_wa_Milimani
Kuhusu majaribio: Linux huanzisha kaunta yake ya jiffies (mapigo ya saa) ikiwa imebakiza dakika tano tu izunguke, ili dereva yeyote asiyejali kuzunguka avunjike mbele ya aliyemwandika, asingoje siku nyingi kwa seva ya mtu. Fanya hivyo na ramani. Andika ramani za uongo: mstari unaoishia GB 4 kamili, mstari wa urefu sifuri, miwili inayopandana, na iliyochanganyika mpangilio. BIOS za kweli hutoa vituko hivyo.

#36 fremu_njoro
Nimekata kwa biti 64, nimehesabu kurasa. QEMU ya 4096 safi, mashine ya GB 4 safi. Lakini kuna mashine ya tatu pale maabara, kuukuu, GB 4 pia. Hii haifiki hata prompti. Inaganda wakati wa kusoma ramani.

#37 Fundi_Kondele
RAM.

#38 mwl_Bungoma
Angalia mstari usioanza kwenye mpaka wa ukurasa. Mwanzo lazima upandishwe, mwisho ushushwe. Ukifanya kinyume unafungua ukurasa ambao nusu yake ni ya BIOS.

#39 mzee_wa_Milimani
Mimi nashuku `ramani[i]`. Unaipita kama safu ya C, kila kipengele kikiwa na ukubwa mmoja. Kwa multiboot ya kwanza (mkataba wa GRUB na kerneli) kila mstari una size yake mbele, na size hiyo haijihesabu yenyewe. Unatakiwa uruke size + 4. BIOS ikitoa mstari mrefu kidogo, unaanza kusoma takataka na kuiita anwani.

#40 JabaliMenengai
Au len ya takataka ikawa kubwa mno na k ikafurika. Yote mawili yanaweza kuwa kweli.

#41 fremu_njoro
Maabara imefungwa hadi Jumatatu. Nitachapisha ramani yote ya ile mashine skrini na kuipiga picha.

#42 dada_biti
Chapisha addr na len zote mbili, tarakimu 16 za heksa kila moja. Hiyo printf yako uliiandika mwenyewe, na naweka dau %x yake inachukua biti 32 tu. Utatuletea nusu ya chini ya kila namba na tubishane wiki nyingine nzima.